Cheti Chako, Kaka

Kaka yangu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, tena nimenenepa. Magoti yako je? Ofisi yangu sasa iko ghorofa ya kumi na tisa, zulia linameza viatu. Kampuni mbili zikitaka kuungana, mshenga ni mimi; nikikohoa tu, watu wanaandika. Na shule niliikimbia darasa la sita!

Ila wiki hii nakaa, nasimama. Katibu wangu kaniuliza, "Bosi, kiti kina siafu?"

Benki yetu imenunuliwa, na wenye mali wapya wanahakiki vyeti vya wakurugenzi. Kile nilichoingilia kazini ni chako, pamoja na jina lako. Ulinipa ukisema, "Kichwa unacho wewe, karatasi ninayo mimi," ukabaki na jembe.

Nimetunga uongo wa kukuomba unisemee, nikauchana. Jumatatu nitawaambia mwenyewe. Wakikupigia simu, usinifichie, nawe useme kweli.

Ukinijibu, andika jina langu mwenyewe juu ya bahasha. Miaka ishirini na mbili sijaliona popote.

Mdogo wako,
Kidomodomo