Mabungo ya Vichaka vya Kilwa

Kilwa, Januari 1996

Mama, shikamoo. Natumaini hapo Katindiuka wote ni wazima.

Jana tulikuwa tunaorodhesha mimea kwenye vichaka nyuma ya ufukwe, maji yakatuishia, na mwenzangu Neema akashikwa na kizunguzungu. Nikaona mabungo yameiva, kama yale ya kwetu.

“Usile, utakufa!” Neema akapiga kelele.

Nikapasua moja, nikala mbele yake. Yeye akala manne. Tulipokuwa tunapumzika, sange, mnyama kama panya mkubwa, akaja kunusa viatu vyetu kwa pua yake ndefu, akaenda zake.

Mkuu wetu wa kazi aliniuliza nani kanifundisha matunda ya porini. Nikakutaja, naye akaliandika jina lako daftarini, pamoja na majina ya wataalamu.

Mungu akutunze, mama yangu.

Mwanao, Vero