Sikungoja Kikao

Mjukuu wangu Neema, kamwene. Hapa Mafinga baridi imetukalia, ila mahindi yamekomaa na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeniuliza kwa nini nilikubali kuzibuliwa mshipa wa shingo bila kuwangoja wazee wa ukoo. Daktari alisema moyo wangu hauwezi kuhimili kisu, hivyo angepitisha mrija mwembamba kuanzia pajani hadi shingoni. Nikamwambia, "Pitisha."

Nilipokuwa msichana, mama yangu alitakiwa apasuliwe. Wazee wakasema, "Hapasuliwi mtu hapa bila kikao." Tukamngoja baba mkubwa atoke machimboni Chunya. Mama alikuwa chumbani anawasikia wakibishana, na hakuna aliyeingia kumuuliza yeye anataka nini. Baba mkubwa alipofika, tulikuwa tumeshaanza kulia.

Sasa watoto wa wazee wale wameninunia kwa sababu sikuwaita. Wacha wanune. Ulanzi uliogemwa kwa ajili ya kikao cha mama, baba zao waliunywa msibani kwake, na niliwasikia wakiusifu kwamba umekolea vizuri.

Ni mimi bibi yako, shingo bado ninaigeuza.