Chupa Uliyoondoka Nayo

Bariadi,
Jumatano.

Kwako mama mkwe wangu, mayu Mektilda,

Mwangaluka mayu. Nakusalimia kwa magoti ingawa hunioni. Macho yanaendeleaje tangu utoke kliniki? Yale matone bado unaweka asubuhi na jioni, au umeshaanza kutegea? Shemeji Maduhu na watoto wake hawajambo? Tumesikia pamba imetoka vizuri huko Mkula na tumefurahi. Huku Precious hajambo, kila akiamka anamuulizia bibi yake. Mimi ni mzima wa mwili. Mwanao Ndaki ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini mkamwana wako anaandika barua wakati simu ipo. Mayu, simu yako unaisikiliza kwa spika, nikisema neno moja Mkula nzima inalo kabla sijakata. Hili ni la kwako peke yako. Nimempa jirani yetu Apolonia, anayekuja huko kufuata dagaa, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Nimeandika herufi kubwa ili usimwite mtoto akusomee. Tafadhali isome yote kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili Ndaki anakuja kwako.

Unakumbuka mwaka jana alipotoka hospitali. Daktari alisema ini limeshachoka, na pombe ikirudi atakufa, hakuzungusha maneno. Ukatukusanya sebuleni, ukasema tone la pombe lisiingie tena chini ya bati hili, ukamuuliza kila mmoja kama amesikia. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Basi mimi huyohuyo niliiingiza. Kuna mwanamke anaitwa Generoza, anapamba kumbi za sherehe hapa mjini. Saluni yangu ilikuwa imelala, akaniambia siku hizi akina mama wa kitchen party hawataki bia tupu, wanataka vinywaji vya kuchanganya, vyenye majani na ndimu juu, kama wanavyoona kwenye simu. Akanifundisha. Unachukua gini, ile pombe kali nyeupe kama maji, unaweka mchaichai, mnanaa na kivumbasi kidogo, umevipondaponda kwa mwiko vitoe harufu. Unafunika, unaacha mpaka rangi igeuke kijani. Siku ya sherehe unachuja, unakamulia ndimu, unatia asali, barafu na soda. Majani nilichuma hapahapa nyuma ya jiko. Nilijidanganya kwamba itakaa kwenye chupa yake na haitamhusu mtu, na niseme ukweli, kazi yenyewe niliipenda. Wateja walinisifu nikavimba kichwa.

Ulipokuja kwa ajili ya macho, ile chupa kubwa ya kioo ilikuwa nyuma ya ndoo ya unga. Macho yalikuwa mabovu lakini pua yako nzima. Uliifungua ukanusa mchaichai, ukaniuliza ni dawa ya nini. Kwenu Mkula, na hata kwetu, majani yakilowekwa kwenye chupa ni dawa, nani amewahi kuloweka majani kwa anasa? Saa ileile nikasikia Ndaki anaegesha pikipiki nje. Nikasema ni ya tumbo, mayu. Ukasema ule ukali lazima kuna mzizi ndani yake, na kwamba miti ya Mungu haidanganyi. Ukaifunika ukairudisha mahali pake, nami nikashusha pumzi nikidhani yamekwisha.

Sikujua kwamba ulikuwa unamhurumia mwanao, anavyokula matonge mawili na kusukuma sahani. Kumbe mimi nikishakwenda saluni, wewe unammiminia kikombe kabla hajaenda kuchomelea mageti yake. Nyumba ikachangamka. Ndaki akawa anakwangua ukoko wa ugali, anaimba bafuni, ananitania kwamba nimenenepa. Ukaniambia dawa imemkubali, nami nikadhani unazungumzia maombi. Chupa ilipoanza kupungua nilikuwazia wewe, nisamehe mayu. Nilidhani mama wa kanisa kaonja kaona tamu, nikacheka peke yangu jikoni, nikaongeza gini nyingine.

Sasa nimefika pagumu. Asubuhi moja nilisahau funguo za saluni nikarudi. Nikawakuta sebuleni. Ulikuwa unampa kikombe kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili kama ulivyomlea, akanywa chote. Halafu akaniona mlangoni. Mayu, yule amekunywa pombe tangu ujana wake, gini haiwezi kumpotea hata uitie majani ya bustani nzima. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Alikuwa anakushukuru, anakuombea maisha marefu, na anajua. Alinitazama, nikamtazama. Angesema, angekosa kikombe. Ningesema mimi, ungeniuliza nani ameingiza pombe kwenye nyumba uliyoiapisha. Nikachukua funguo zangu nikaenda kusuka watu nywele.

Niliona na nikanyamaza, hilo ndilo lililonitoa usingizi. Ikaendelea hivyo mpaka ulipoondoka. Mimi na mwanao tulijua, wewe peke yako ulikuwa unatibu. Hata siku ya safari, ulipoijaza ile dawa kwenye chupa ya maji ukasema akija kukusalimia asiikose dawa yake, kifuniko nilikukazia mimi mwenyewe kwa mkono huu unaoandika.

Ulipopanda gari nikamwaga yote iliyobaki chooni. Nikachemsha mchaichai mtupu, nikamwekea Ndaki kwenye kikombe kilekile. Akaonja kidogo akakiweka chini. Akasema taratibu kwamba hii si dawa ya mama. Tangu hapo tunaongea habari za mtoto na umeme tu. Mikono inamtetemeka, weupe wa macho umeanza tena ule umanjano unaoujua. Jana ndipo aliponiambia Jumapili anakwenda Mkula, tumbo linamsumbua na dawa yako ndiyo inayomfaa. Nimemwambia Generoza atafute mtu mwingine, lakini chupa iliyo kwako siwezi kuifikia.

Atakuja na sukari na khanga, mayu, nimeviona ameshavinunua. Atakusalimia kwa adabu na atakuomba dawa. Usimpe. Akishika tumbo, usimpe. Akilia, na atalia, usimpe. Mimi sina nguvu ya kumkatalia, ananikumbusha kwa macho tu kwamba nami nilinyamaza. Wewe huna deni hilo kwake. Mwambie unajua, mwambie ni Joyness aliyekuandikia, halafu shemeji Maduhu ampeleke hospitali Jumatatu, asimwache arudi huku peke yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha ya mwenzangu. Naumwa moyo kukuandikia kwamba mkono uliomlea ndio ulioshika kikombe. Wewe hukukosa, mayu. Uliuliza ni dawa ya nini, na aliyejibu ni mimi.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani. Precious anakubusu mikono. Ukitaka kunirudisha kwetu Kiloleli nitafungasha, na nitakuja kwanza kupiga magoti kweli, siyo ya kwenye karatasi. Lakini usinijibu sasa hivi. Inuka uimwage kwanza.

Ni mimi mkamwana wako,
Joyness, mama Precious.