Zulfa kacheka, kaolewa

Fauzia uko wapi, mwenzio sina mbavu.

Zulfa kaposwa. Na Asadi wa Msimbati. Yule yule ambaye Zulfa jana kaapa hataki hata kumsikia.

Alikuwa chumbani anamfundisha mdogo wake Kiingereza: giggle ni kucheka chinichini huku unajizuia, neno lenyewe limeiga mlio wa kicheko, na ukiangua kicheko huwezi kulitumia. Akamwonyesha. Kwi kwi kwi.

Ndipo shangazi yake akachungulia kwenye pazia, "Wazee wa Asadi wako sebuleni, unamridhia?"

Zulfa yuko kwi kwi kwi. Kashindwa kujizuia.

Shangazi karudi mbio, "Kacheka. Binti akicheka karidhia." Vigelegele nyumba nzima.

Nikamwambia Zulfa, toka basi ukakanushe.

Shoga, kajifunika khanga usoni. Kwi kwi kwi.