Egemea Nyuma Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Wateja watatu kabla ya saa nne. Pundamilia walikuwa tena kwenye njia ya kurukia, nikawafukuza na pikipiki ya askari. Mafuta sawa, hayana maji.

Mteja wa kwanza ana duka la simu Nakuru. Mkewe alimnunulia somo la kwanza la urubani kama zawadi ya birthday. Mwenyewe alishika usukani dakika chache juu ya Ndabibi, akatapika tukirudi. Picha zake zimetoka vizuri.

Utaratibu wa picha ni uleule. Shule ina shati moja jeupe lenye mistari minne ya cheo cha kapteni mabegani, na kila mteja hulivaa. Mimi mwalimu sijafikia mistari minne. Kamera inafungwa mbele, upande wa mteja, ili aonekane anarusha ndege peke yake. Siku yangu ya kwanza kazini Kapteni aliniambia: "Egemea nyuma kidogo, Njeri. Mteja hajalipia sura yako." Kapteni ndiye mwenye shule. Hajarusha ndege tangu magoti yaanze kumsumbua, lakini jina limebaki. Kwa hivyo mimi hurusha ndege nikiwa nimelala kama mtu kwenye kiti cha kinyozi, nikinyoosha mikono tu.

Mteja wa tatu aliuliza kama kidole changu kilikatwa na propela. Ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kipande cha juu hakipo. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi sana. Ukweli ni mashine ya kukatia nepia, majani ya ng'ombe, nyumbani Kabazi, nikiwa darasa la tano. Mimi nilikuwa naingiza nyasi kwenye kisu, Baba anazungusha gurudumu. Hajawahi kulizungumzia. Tangu siku hiyo hajaniruhusu kusogelea ile mashine.

Alhamisi, 6 Machi

Kariuki, ndugu yangu, amepiga simu kutoka nyumbani. Anasema kanisani wanasema mimi sirushi ndege, napika chai huku. Nikamuuliza Baba anasemaje. Hasemi kitu.

Hiyo ndiyo inaniuma. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Aliuza shamba la chini, lile la karibu na mto, ndipo nikasomea urubani. Kabazi nzima inajua ng'ombe wa nani wanalala pale sasa.

Desemba nilimtumia picha nimesimama kando ya ndege. Akatembea nayo wiki nzima. Kisha binti ya jirani yetu Baba Ciku akaja hapa na marafiki siku ya birthday yake, akavaa shati la shule, akapiga picha ileile, ndege ileile. Yeye anauza mitumba Subukia. Baba Ciku akampelekea Baba simu aone. Tangu hapo picha yangu haina kazi. Leseni Baba aliigeuza mara mbili, akauliza kama ni kadi ya kura. Kumpandisha ndege hataki, anasema miguu yake ni ya shambani.

Simchukii yule msichana. Nalichukia shati.

Jumamosi, 8 Machi

Kapteni ametutangazia baraka. Dada mmoja wa Nairobi mwenye wafuasi mtandaoni kama mchanga anakuja Jumanne kufanya somo la kwanza. Bure, ili atutangaze. Jina lake sitaliandika hapa. Nitamwita Bi Wafuasi.

Anataka saa kumi na moja jioni. Nikakataa. Jioni upepo wa milima ya Mau unashuka na kulikoroga ziwa tunaloruka juu yake, hewa ina joto, na kandege ketu kanapanda kwa kuvutana. Wanafunzi wa kwanza ni wa asubuhi. Kapteni anajua hayo yote, ndiye aliyenifundisha. Akasema jua la asubuhi halina rangi.

Nina hasira. Lakini kampuni za ndege kubwa zinataka rubani mwenye saa nyingi angani, na saa zangu zinatoka hapa. Jumanne nitaruka.

Jumanne, 11 Machi

Naandika haraka.

Tuliruka na upepo wa kuudhi, si wa kukatazwa. Bi Wafuasi alisikiliza maelezo huku akipaka midomo. Juu ya ziwa nikampa usukani nilivyozoea, mikono yangu karibu. Akaanza kuongea na kamera. Jua lilikuwa upande wake wa kushoto na alilitaka usoni, kwa hivyo akakata kona kushoto na kuvuta usukani, akavuta tena, akicheka. Nikamwambia achilia. Akavuta. Pua ikapanda, kasi ikafa, kengele ya onyo ikaanza kulia. Kengele hiyo inasema mabawa yanakaribia kushindwa kubeba ndege. Hatukuwa juu vya kutosha kwa mchezo huo.

Nikausukuma usukani mbele kwa mkono wa kulia, yeye bado ameung'ang'ania, na kwa wa kushoto nikasukuma nguvu yote ya injini. Nikanyoosha mabawa. Maji yakaja karibu kiasi cha kuona migongo ya viboko. Kisha ndege ikashika hewa.

Alipiga mayowe mpaka tulipotulia. Halafu akapangusa macho, akaigeukia kamera na kusema, "Guys! Nimeimanage!"

Jambo la kuchekesha, nalo si la kuchekesha: katika hayo yote nilikuwa nimeegemea nyuma. Mwili umezoea. Tungeanguka nikiwa nje ya picha.

Chini alinikumbatia. "Woiye, umeniokoa, my dear. Lakini hiyo part yako tutakata."

Jumatano, 12 Machi

Nimeripoti kwa Kapteni. Akauliza kama ndege iko sawa. Iko sawa.

Nimefua shati. Rangi ya midomo kwenye kola.

Ijumaa, 14 Machi

Video imetoka. Kengele inalia, ziwa linapanda kwenye kioo, nywele zinaruka, kisha Bi Wafuasi anatabasamu. Wameandika: "Somo langu la kwanza na tayari nimeokoa ndege." Mimi simo. Kuna kiti, na upande wa chini kwenye kona kuna kitu kinapita haraka. Ni mimi hicho.

Kariuki amenitumia bila kujua. "Ona vile dem anapaa. Wewe utapaa lini?" Nikaweka simu kwenye droo.

Nimemwomba Kapteni video nzima. Si ya kuweka mtandaoni, ya kumwonyesha mtu mmoja tu, mzee wa Kabazi. Nilimwambia hivyo hivyo, nikajishusha kabisa. Akakataa. Ikivuja, anasema, watu watajua kuna mtu anawashikia, na nani atakuja tena? Watu wanakuja hapa kujiona.

Simu ya ofisi imelia siku nzima, watu wanataka somo kama la yule dada. Wote wanataka jioni. Anayepokea simu ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimekaa wima.

Sikupanga. Mteja alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Molo, mama mpole, amevalishwa shati linalomvuka magoti. Tulipofika juu mgongo wangu ukakataa kulala. Nikakaa nilivyofundishwa kukaa, macho mbele, mabega juu. Nilirusha vizuri kuliko mwezi huu wote. Na mama wa watu alishika usukani kwa vidole laini, akauliza maswali ya maana.

Kisha akaona picha. "Sasa huyu ni nani kwa picha yangu?"

Kapteni hakupaza sauti. Akasema nimechoka, niende nyumbani nipumzike wiki moja. Bila mshahara, bila saa za kuruka. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba walimu wenye leseni ni wengi huko nje na wote wana njaa. Ni kweli. Ndiyo maana niliondoka.

Jumatano, 19 Machi

Kabazi. Mvua imeanza, matope hadi kifundo.

Nilipeleka maziwa kituoni asubuhi. Kwenye foleni mama mmoja akaniuliza, "Njeri, umetuletea chai ya ndege?" Wote wakacheka, hata mimi. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Najidharau kwa hilo.

Baba ameniuliza kama nimefutwa. Nikasema likizo. Akatazama viatu vyangu, akaenda kukamua.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imekatika mchana. Baba Ciku alikuja kuazima kamba ya ng'ombe, akakaribishwa chai. Kariuki akatoa simu awaonyeshe wazee "yule dem wa ndege". Nilitaka kutoka nje. Kikombe kilikuwa kimejaa, nikabaki.

Waliitazama. Baba Ciku akasema wasichana wa siku hizi ni moto. Baba akasema, "Rudisha." Kariuki akarudisha. "Rudisha tena." Akavaa miwani. Mara ya tatu akamwambia aisimamishe, hapo, hapana, nyuma kidogo. Kisha akaweka kidole chake kwenye kona ya kioo, juu ya kile kitu kinachopita.

"Huyu ni Njeri."

Baba Ciku akainama kuangalia. "Ni mkono tu, mzee."

"Ndiyo. Ni wake."

Baba Ciku akanitazama mkono wa kushoto, nami sikuuficha. Sijui kama aliamini. Alimaliza chai, akachukua kamba, akaenda. Jumapili kanisani watasema wanavyosema.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

Kapteni ametuma ujumbe: Jumatatu saa mbili kuna mteja, kama kawaida. Bado sijajibu.

Jioni nilimsikia Baba nyuma ya zizi akipanga nepia. Nikaenda nikasimama mbali na mashine, pale ninaposimama siku zote. Akainua mzigo wa kwanza, akaupeleka mwenyewe kwenye kisu kwa mikono yake miwili. Akaniambia leo nizungushe mimi.

Nikashika gurudumu. Nilizungusha polepole.