Askari Atakayebisha Hodi Jumapili Ni Mwanangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni fundi cherehani, mjane, naishi na binti yangu kitinda mimba ambaye ni askari polisi, na siku alipovaa sare mara ya kwanza nilimzungusha mtaa mzima hadi akaniomba, "Mama, basi," sasa serikali imefunga kanisa letu na kutukataza kukusanyika kusali, nasi tukahamia sebuleni kwangu, tunaimba kwa kunong'ona katikati ya vyerehani yeye akiwa kazini, na juzi tukila akaweka kijiko chini akasema, "Mama, Jumapili nimepangwa doria mtaa huu. Nikiwakuta nitawakamata. Nakuomba msisali hapa." Nikamuuliza, "Hata mimi?" Akasema, "Wewe ndiye uliyenifundisha kutosema uongo," akaanza kulia, nami nikalia, ila moyoni nilijisikia fahari, jamani, nimezaa mtu! Mwenzangu wa kwaya anataka nimfichie mwanangu mabuti yake asiende doria, mchungaji anasema nyumba ni yangu niamue mwenyewe, na usingizi sipati. Niendelee na ibada, au nimwepushie mwanangu aibu ya kumfunga mama yake?

Mama Askari

Mama Askari, pole, na hongera, maana umelea. Lakini mabuti! Mtu mzima na akili zako unawaza kuficha mabuti? Usiyaguse. Wala usimwombe apite mlangoni kana kwamba hakusikia nyimbo. Ukifanya hivyo utabomoa kwa mkono wako ulichokijenga miaka yote.

Serikali tunaiheshimu. Kodi lipa, askari msalimie, na asirushiwe jiwe wala tusi. Ila kusali hakukuanza kwa kibali cha serikali, na hakutakoma kwa amri yake. Mitume walikatazwa wakahubiri, wakafungwa, na hawakumchukia mlinzi wa gereza. Basi waambie waumini wazi kwamba binti yako atakuja. Anayeogopa abaki kwake na asisemwe. Watakaokuja waache kunong'ona, waimbe.

Naye mwambie leo hii: "Mwanangu, ibada ipo. Sina kinyongo nawe." Moyo wake ukimkatalia kukukamata, hilo ni lake na Mungu wake, usimsukume.

Jumamosi mpigie sare pasi, kola isimame, mistari ya suruali inyooke. Jumapili akibisha hodi, mfungulie wewe mwenyewe. Na kituoni wakikuuliza ni askari gani aliyekuleta, jibu kwa sauti wasikie wote: "Ni wangu huyo."