Voliyumu ya Redio ya Baba

Namakwekwe, Mbale
14 Machi 1988

Mdogo wangu mpenzi Madina,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Zubairi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Sofia kimepungua. Sisi huku hatujambo, ila mvua imeanza mapema na paa la karakana yangu linavuja juu ya meza ya kazi. Fundi wa vitu vya watu, vyake vimemshinda. Cheka, nakuruhusu.

Jumanne Mzee Bogere alifika kutoka Jinja, amekumbatia gunia. Ndani mlikuwa na ile redio ya mbao ya marehemu baba. Alisema aliileta kwako kwanza ukamfungia mlango, lakini hakukasirika, sababu anaijua. Miaka tisa ameitunza, na sasa anataka aisikie ikizungumza kabla hajafa.

Jana nimeifungua. Nyaya nzima, spika nzima, kilichokufa ni voliyumu tu. Ndani yake kuna utepe mweusi, na ulimi mdogo wa chuma unaotembea juu yake ukizungusha kitufe. Utepe ukilika, sauti haipandi polepole: inanyamaza, halafu inalipuka. Nimelehemu mpya, nikawasha, redio ikazungumza kwa upole. Nikakaa pale nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Sabini na tisa, wiki ambayo askari wa serikali iliyoanguka walikimbia Jinja na kila Mnubi kama sisi akahesabiwa kuwa mmoja wao, hata baba, aliyeshona nguo za watu maisha yake yote. Bogere alituficha katika stoo yake ya mahindi, baba, mama, wewe na mimi. Baada ya adhuhuri baba alikuambia ufungue redio, sauti iwe chini kabisa, tusikie kama barabara ya Tororo imefunguliwa. Ukagusa kidogo tu. Ikapiga kelele stoo nzima. Baba aliisukuma nyuma ya magunia, lakini wale wenye mapanga waliokuwa wakipita njiani walikwisha sikia. Walimchukua yeye, na mpaka leo hatuna hata kaburi la kuzuru.

Mama alisema ni mkono wako. Alisema njiani tukikimbia, akasema matangani, akaendelea kusema miaka yote. Wewe hukuweka redio nyumbani kwako tena.

Sasa soma polepole, Madina. Mwezi mmoja kabla ya hapo baba alinipa voliyumu mpya aliyoagiza Nairobi, niifunge katika redio yake. Nilikuwa bado najifunza ufundi. Siku hiyohiyo afande mmoja wa kambini alileta redio yake ikiwa na ugonjwa uleule, akaitaka iwe tayari jioni. Niliogopa, na tena, niseme kweli, nilitaka anisifu. Nikamfungia ile voliyumu mpya ya baba. Ya zamani nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikasugua penseli juu ya utepe ulipolika, nikairudisha na kumwambia baba kwamba ni mpya. Ni ujanja wa mafundi, haudumu. Jana nimeukuta weusi wa penseli yangu bado umo.

Baba alikuamuru vile kwa kuwa aliniamini mimi. Wewe uligusa vizuri kabisa. Mkono wako haukukosa kitu.

Mama alipokuwa akikata roho ulipiga magoti ukamwomba radhi, naye akakugeuzia mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilinyamaza.

Nakuja Ijumaa kuyasema haya mbele ya mumeo na wanao, na ukinifungia mlango nitayasema nje, majirani wasikie. Mke wangu Khainza anawasalimu nyote, na Mzee Bogere mfikishie salamu zangu. Radhi kwako siombi kwa barua. Ile uliyomwomba mama ilikuwa yangu kuiomba, na mama hayupo.

Ni mimi kaka yako, niliyekuacha uibebe hatia yangu,
Asuman